Kutoka Kipimo hadi Kadirio: Historia ya Kutathmini Utendaji wa Figo za Wazee kwa Damu, 1886–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namba moja ambayo leo huamua iwapo mzee ataitwa mgonjwa wa figo au la: kiwango cha mchujo wa figo kinachotokana na uchunguzi wa damu. Historia hiyo inaanzia kwenye ugunduzi wa kikemia wa mwaka 1886, inapitia vipimo vya moja kwa moja vya miaka ya 1920 hadi 1950, na kufikia milinganyo ya hisabati iliyotawala tangu mwaka 1976. Hoja kuu ni kwamba namba inayoandikwa kwenye karatasi ya majibu ni kadirio, lakini imekuwa ikisomwa, kutafsiriwa na kutungiwa sera kama kipimo. Mkanganyiko huo umewaathiri zaidi wazee, na hasa wazee wa Afrika, kwa kuwa miili yao ndiyo iliyochelewa kuingizwa katika data zilizozaa milinganyo. Makala yanapendekeza kwamba Kiswahili cha afya kitenganishe waziwazi istilahi za kipimo na kadirio.

1.0 Utangulizi

Mtu mwenye umri wa miaka 80 anapotolewa damu ili figo zake zichunguzwe, majibu hurudi kama namba ya mililita kwa dakika. Namba hiyo ikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, mwongozo wa kimataifa humhesabu kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Jina hilo lina uzito. Linaweza kubadilisha dozi ya dawa anazotumia, kumzuilia baadhi ya uchunguzi wa picha, na kuiingiza familia yake katika hofu na gharama.

Hata hivyo, hakuna mashine ya maabara iliyohesabu mililita hizo. Kilichopimwa katika damu ni kreatinini, yaani takataka inayotokana na misuli. Mililita zimezaliwa na mlinganyo uliopokea kreatinini, umri na jinsi ya mtu, kisha ukatoa wastani unaotarajiwa kwa watu wanaofanana naye. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoweza kuitenganisha hali hii bila taabu. Kupima, kitenzi chenye asili ya Kibantu, ni kulinganisha kitu na kizio: nguo kwa mita, nafaka kwa pishi. Kukadiria, kutokana na mzizi wa Kiarabu, ni kufikia kiasi kwa kukisia kwa misingi. Muuza nguo hupima. Mnunuzi wa shamba la mahindi ambayo hayajavunwa hukadiria. Pamoja na hayo, katika mazungumzo ya hospitali namba hii huitwa kwa kawaida kipimo cha figo. Ili kuelewa jinsi kadirio lilivyopata heshima ya kipimo, ni lazima kurejea katika historia yake.

2.0 Takataka ya Misuli Yapata Rangi

Kreatini ilitenganishwa kwanza kutoka katika mchuzi wa nyama na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832, naye akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwaka 1847 Mjerumani Justus von Liebig aliieleza kreatinini, zao la kreatini. Majina haya yamebeba ukweli ambao baadaye ulisahaulika: dutu hii inaeleza habari za nyama ya mwili kabla ya kueleza habari za figo.

Mwaka 1886 Max Jaffe, akiwa Königsberg, aligundua kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki katika hali ya alkali hutoa rangi ya machungwa inayoelekea nyekundu. Otto Folin, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, aliigeuza rangi hiyo kuwa njia ya kuhesabu mwaka 1904: kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kreatinini ilivyo nyingi. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba kiasi cha kreatinini anachotoa mtu kwa siku hubaki karibu vilevile, na kwamba hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Mbinu ya Jaffe ilikuwa rahisi na nafuu, na kwa sababu hiyo imeishi zaidi ya karne moja. Kasoro yake ni kwamba vitu vingine katika damu, zikiwamo glukosi na protini, huweza kutoa rangi inayofanana. Mbinu za vimeng'enya zilizokuja baadaye zina usahihi mkubwa zaidi lakini gharama yake ni ya juu. Ni katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 tu ndipo juhudi za kimataifa zilipofungamanisha maabara na kigezo kimoja cha rejea. Kabla ya hapo, sampuli moja ya damu ingeweza kurudi na majibu tofauti kutoka maabara mbili za mji mmoja.

3.0 Enzi ya Kipimo, 1926–1950

Kuwapo kwa kreatinini katika damu hakutoshi kueleza kazi ya figo. Swali la msingi ni hili: figo huchuja damu kiasi gani kwa dakika? Mwaka 1926 Poul Brandt Rehberg wa Copenhagen alijaribu kulijibu kwa kutumia mwili wake mwenyewe. Alikunywa kreatinini, akapima wingi wake katika damu na katika mkojo, kisha akahesabu ni ujazo gani wa damu ulipaswa kuchujwa ili kreatinini hiyo ipatikane katika mkojo. Miaka miwili baadaye, kundi la Donald Van Slyke mjini New York liliipa dhana hiyo jina la usafishaji, likitumia urea.

Mwaka 1935 Homer Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, sambamba na kundi la A. N. Richards la Pennsylvania, walithibitisha matumizi ya inulini. Hii ni aina ya wanga inayopatikana katika mizizi ya mimea kama dalia. Inulini huchujwa na figo bila kufyonzwa tena wala kuongezwa njiani, tofauti na kreatinini ambayo kiasi chake kidogo hupenyezwa kwenye mkojo na mirija ya figo. Kwa mara ya kwanza mchujo ulipimwa kwa maana kamili ya neno. Gharama yake ilikuwa usumbufu: dripu ya saa kadhaa, damu inayotolewa mara nyingi, na mkojo unaokusanywa kwa dakika zilizohesabiwa, mara nyingi kwa mpira wa kibofu.

Kwa njia hiyo ngumu ndipo figo za wazee zilipopimwa. Mwaka 1950 Dean Davies na Nathan Shock walichapisha matokeo ya vipimo vya inulini kwa wanaume wa Baltimore, kuanzia vijana wa miaka ya ishirini hadi wazee wa miaka ya themanini. Wastani wa mchujo wa wazee kabisa ulikuwa karibu nusu ya ule wa vijana. Hapo ndipo ilipopata nguvu kauli iliyokaririwa katika vitabu vya tiba kwa vizazi viwili, kwamba figo huchakaa kwa mwendo mmoja kadiri umri unavyosonga.

Mambo mawili yalipotea katika kukariri huko. Kwanza, waliopimwa walikuwa wanaume pekee. Pili, ulinganisho ulikuwa kati ya watu tofauti wa rika tofauti, si wa mtu yuleyule akizeeka. Wanaume 254 wasio na ugonjwa wa figo walipofuatiliwa kwa miaka mingi katika mji huohuo, na matokeo kuchapishwa mwaka 1985, picha ilibadilika. Wastani wa usafishaji wa kreatinini ulipungua kwa mililita 0.75 kwa dakika kila mwaka, lakini takribani theluthi moja yao hawakupungukiwa kabisa. Kupungua kwa mchujo uzeeni ni jambo la kawaida, lakini si hatima ya kila mzee.

4.0 Enzi ya Mlinganyo, 1976–2009

Hospitali haziwezi kumtundikia kila mzee dripu ya inulini. Mwaka 1976 Donald Cockcroft na Henry Gault, wakiwa Kanada, walichapisha kanuni inayoweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Umri hutolewa katika 140, jibu huzidishwa kwa uzito wa mwili, kisha hugawanywa kwa zao la 72 na kreatinini ya damu. Kanuni hiyo ilitokana na wagonjwa 249 wenye umri kati ya miaka 18 na 92, karibu wote wanaume. Kwa wanawake, watunzi walipendekeza kupunguza asilimia 15. Punguzo hilo lilikuwa dhana ya kimantiki kuhusu misuli, kwa kuwa wanawake wa kulithibitisha hawakuwamo katika data kwa idadi ya kutosha.

Mwaka 1999 Andrew Levey na wenzake nchini Marekani walitoa mlinganyo uliojulikana kwa kifupi MDRD, uliotokana na wagonjwa 1,628 wa figo. Jaribio lililozalisha data hizo halikupokea watu waliozidi miaka 70. Mwaka 2002 mwongozo wa Marekani uligawa ugonjwa sugu wa figo katika hatua tano na kuweka mpaka wa 60 kwa watu wazima wote, na maabara nyingi zikaanza kuchapisha kadirio hilo moja kwa moja kwenye majibu bila daktari kuliomba. Mlinganyo wa CKD-EPI wa mwaka 2009 ulitokana na data pana zaidi, lakini ndani yake pia waliopita miaka 70 walikuwa wachache.

Kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuitwa wagonjwa kwa milinganyo hii ndilo lililokuwa na uwakilishi mdogo zaidi katika kuitunga. Tatizo hilo lina mizizi katika kreatinini yenyewe. Mzee anapopungukiwa na misuli kwa sababu ya umri, lishe duni au kulala kitandani muda mrefu, kreatinini anayozalisha hupungua pia. Damu yake huweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali figo zimedhoofika, na kadirio likatoka juu kuliko hali halisi. Kinyume chake, aliyekula nyama nyingi iliyopikwa kabla ya kutolewa damu huweza kuonekana ana figo dhaifu kuliko zilivyo.

5.0 Damu Moja, Namba Tano

Mfano wa kukokotoa unaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Chukua kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 30 na bibi mwenye umri wa miaka 80, wote wakiwa na kreatinini ya miligramu 1.0 kwa desilita. Kwa mlinganyo wa CKD-EPI wa mwaka 2021, kijana hupata takribani 104, na bibi takribani 57. Damu yao haina tofauti katika kipengele kilichopimwa. Tofauti yote imetiwa na umri na jinsi, na imemvusha bibi mpaka wa ugonjwa.

Bibi huyohuyo, kwa mlinganyo wa mwaka 2009, angepata takribani 53. Lakini mlinganyo huo, kama ule wa MDRD, ulikuwa na kizidishi cha rangi ya ngozi. Mtu aliyeandikwa kuwa Mweusi alizidishiwa matokeo yake kwa 1.159, na katika toleo fupi la MDRD kwa 1.212. Kwa kizidishi hicho bibi angepanda hadi 62 kwa mlinganyo wa 2009, na hadi 65 kwa MDRD. Kwa rangi iliyoandikwa kwenye fomu, bibi ameondolewa katika orodha ya wagonjwa. Na iwapo ana uzito wa kilo 45, kanuni ya mwaka 1976 humpa takribani 32, namba ambayo inaweza kumpunguzia dozi ya dawa kadhaa.

Sehemu ya tofauti hii inatokana na vizio. Kanuni ya 1976 hutoa mililita kwa dakika za mwili jinsi ulivyo, ilhali milinganyo ya baadaye hutoa mililita kwa dakika kwa kila mita za mraba 1.73 za eneo la mwili. Kwa bibi mwembamba tofauti hiyo si ndogo, na mara nyingi haielezwi kwenye karatasi ya majibu. Bado, 32, 53, 57, 62 na 65 ni namba tano kutoka katika tone moja la damu. Kipimo ni kimoja tu, kile cha kreatinini. Hizo tano ni makadirio.

6.0 Kizidishi cha Rangi na Vipimo vya Afrika

Kizidishi kilitokana na data za Wamarekani. Watafiti waliona kwamba, kwa mchujo uleule, washiriki Wamarekani Weusi walikuwa na kreatinini ya juu kidogo kwa wastani. Maelezo yaliyotolewa yalihusu wingi wa misuli, bila misuli hiyo kupimwa. Milinganyo ilipovuka bahari, kizidishi kilisafiri nayo. Neno lililotaja kundi la kijamii lenye historia yake Marekani likatumika kwa mkulima wa Malawi na mvuvi wa Ziwa Viktoria, kana kwamba wote wana mwili mmoja.

Waafrika walipopimwa wenyewe, matokeo hayakuunga mkono zoezi hilo. Utafiti uliofanywa Kinshasa na Abidjan, uliochapishwa mwaka 2019, ulitumia ioheksoli, dutu inayodungwa na kufuatiliwa katika damu pasipo haja ya kukusanya mkojo, na ukabaini kwamba kizidishi hicho hakifai. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mpana zaidi kutoka Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliotumia ioheksoli pia. Ulionyesha kwamba milinganyo ya kreatinini ilikadiria mchujo juu ya hali halisi, na kwamba kizidishi kilizidisha kosa. Maana yake ni kwamba ugonjwa wa figo katika nchi hizo huenda ni mwingi kuliko ulivyohesabiwa. Kwa upande wa Marekani, jopo la pamoja la National Kidney Foundation na American Society of Nephrology lilipendekeza mwaka 2021 mlinganyo usio na rangi ya ngozi.

Hata hivyo, kuondoa kizidishi si sawa na kupata mlinganyo wa Afrika Mashariki. Mlinganyo wa 2021 ulirekebishwa kutokana na data zilezile za nje. Mlinganyo wa Ulaya wa mwaka huohuo, EKFC, ulifungua njia nyingine: kreatinini ya mtu hugawanywa kwa kiwango cha kawaida cha jamii yake, kinachopatikana kwa kuwachunguza watu wenye afya wa jamii hiyo. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa vyuo vikuu na maabara za rufaa za ukanda huu, endapo itawekewa bajeti na endapo wazee hawataachwa nje ya sampuli.

7.0 Uzee au Ugonjwa?

Mwaka 1985 Anders Grubb na wenzake wa Uswidi waliitambulisha sistatini C kuwa kielelezo cha mchujo. Protini hii ndogo huzalishwa na chembe karibu zote za mwili zenye kiini, hivyo haifungamani na misuli kama kreatinini. Kwa mzee aliyekonda, faida yake ni dhahiri. Nayo ina mipaka yake: uvimbe wa ndani ya mwili, uvutaji wa sigara, matatizo ya tezi ya shingo na dawa za steroidi huweza kuibadilisha. Mwaka 2012 watafiti wa Berlin walitoa milinganyo iliyotokana na washiriki wenye miaka 70 au zaidi pekee, mmoja kwa kreatinini na mwingine kwa kreatinini pamoja na sistatini C. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu kanuni ya Cockcroft na Gault.

Swali la mpaka bado ni hai. Kundi moja la wataalamu linadai kwamba mpaka wa 60 kwa rika zote huugeuza uzee kuwa ugonjwa, na linapendekeza 45 kwa waliozidi miaka 65 wasio na protini katika mkojo. Kundi jingine linaegemea uchambuzi wa mwaka 2012 uliounganisha data za watu zaidi ya milioni mbili, ambao ulionyesha kwamba hatari ya kufa na ya figo kushindwa kazi huongezeka chini ya 60 hata kwa wazee. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: namba moja ya damu, iliyochukuliwa siku moja, haitoshi. Inahitaji kurudiwa baada ya miezi mitatu na kusomwa pamoja na albumini ya mkojo. Mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2024 umehimiza pia sistatini C pale inapopatikana na inapohitajika kufikia uamuzi.

8.0 Istilahi na Sera

Historia hii ina athari kwa wanaotunga istilahi na wanaoandaa miongozo. Neno mchujo limechaguliwa vizuri. Msemaji wa Kiswahili anayejua chujio la chai na kifumbu cha nazi haelezwi mara mbili kazi ya figo. Tatizo liko katika neno linalotangulia. Maneno kipimo cha mchujo yanapotumika kwa matokeo ya mlinganyo, mgonjwa na mtunga sera huaminishwa kwamba kitu kimepimwa. Makala haya yanapendekeza utaratibu ufuatao:

Kipimo cha mchujo kitumike kwa inulini, ioheksoli na mbinu nyingine za moja kwa moja pekee.

Kadirio la mchujo litumike kwa matokeo yote ya mlinganyo, na jina la mlinganyo pamoja na mwaka wake viandikwe kando ya namba.

Kipimo cha kreatinini au kipimo cha sistatini C kitumike kwa kile kilichopimwa kwenye damu, na namba yake iandikwe pamoja na kadirio, si kufichwa nyuma yake.

Utaratibu huu haugharimu vitendanishi vipya. Unamwezesha mhudumu wa zahanati kumwambia mzee, kwa lugha anayoielewa, kwamba hesabu inakisia figo zake zimepungua nguvu na kwamba inafaa arudi kuthibitisha. Kauli hiyo ni tofauti kabisa na kumwambia kwamba amepimwa na figo zimekufa. Kwa upande wa sera, wizara zinazolinganisha takwimu za nchi jirani zinapaswa kuuliza kwanza ni mlinganyo upi uliotumika na iwapo kizidishi kiliondolewa. Pasipo maswali hayo, tofauti kati ya nchi mbili inaweza kuwa tofauti ya hesabu tu, wala si ya afya.

9.0 Hitimisho

Kwa takribani nusu karne figo za wazee zimehukumiwa kwa hesabu zilizotungwa zaidi kutokana na miili ya wengine: wanaume wa Montreal, wagonjwa wasiozidi miaka 70, Wamarekani wa makundi mawili ya rangi. Milinganyo hiyo imeokoa wengi na haina mbadala katika huduma ya kila siku, wala makala haya hayaipingi. Yanachodai ni kwamba kadirio liitwe kadirio, na kwamba mipaka yake ijulikane na wanaolitumia. Vipimo vya Uganda, Malawi, Afrika Kusini, Kinshasa na Abidjan vimeonyesha kwamba watu wa bara hili wanaweza kupimwa, na kwamba wakipimwa hesabu hubadilika. Hatua inayofuata ni kuwapima wazee wa Afrika Mashariki kwa idadi ya kutosha, wanawake kwa wanaume, wa mjini na wa shamba, ili namba itakayoandikwa kwenye karatasi zao itokane na watu wanaofanana nao.